Fungua Mlango wa Dereva Kwanza

Kuna mjadala ambao nyumbani kwetu Ujiji hauishi, na sasa naona umefika hata hapa chuoni, tangu baadhi yetu waanze kuchangiana na kaka zao kununua RAV4 na X-Trail za zamani. Gari likishafika, jambo la kwanza ni matairi: yatolewe yaliyopo, yawekwe makubwa. Gari halijanyanyuliwa. Springi ni zilezile zilizokuja nalo kutoka Japani, shokapu zilezile, rimu zilezile. Ila matairi yanatakiwa yafanane na ya Land Cruiser. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Barabara zetu unazijua."

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni, ili asiyekubaliana nami ajue anabishana na nini. Kwa gari ambalo halijanyanyuliwa, nafasi ya kupanda saizi ipo, lakini ni ndogo. Ni hatua moja, na hatua hiyo inaamuliwa kwa namba, haiamuliwi kwa macho. Anayezidisha hapo anapata faida ndogo kuliko anavyodhani na hasara kubwa kuliko anavyoambiwa. Mbaya zaidi, kwetu gari la mtu mmoja ni gari la mtaa mzima. Ndilo linalompeleka mjamzito Maweni usiku, ndilo linalokwenda msibani, ndilo linalobeba madumu ya mawese. Kwa hiyo dereva akikosea saizi, hasara inawafika watu ambao hawakuulizwa.

Tuanze na namba, maana mjadala huu mara nyingi huenda kwa kelele tu.

Fungua mlango wa dereva wa gari lolote la Japani, utazame kwenye nguzo ambapo mlango unajifungia. Kuna kibandiko. Tuchukue RAV4 ya kizazi cha pili, ile ya miaka ya 2000 hadi 2005, ambayo imejaa mitaani kwetu. Nyingi zimeandikwa 215/70R16. Maana yake ni hii: upana wa tairi ni milimita 215, ubavu wake ni asilimia 70 ya huo upana, na rimu ina kipenyo cha inchi 16. Ubavu unatoka milimita 150 na nusu. Zidisha mara mbili, kwa kuwa tairi lina ubavu juu na chini, jumlisha na rimu, ambayo ni milimita 406.4. Unapata tairi lenye kimo cha milimita 707. Hesabu ya darasa la saba hiyo, simu yoyote inaifanya.

Sasa panda. Tairi la 225/70R16 lina kimo cha milimita 721. Limezidi la mwanzo kwa asilimia 2. Tairi la 245/70R16 lina milimita 749, limezidi kwa karibu asilimia 6. Na lile la 265/70R16, ambalo vijana ndilo wanaloliota, lina milimita 777, karibu asilimia 10 zaidi. Mafundi na watengenezaji wengi wa matairi hukaa kwenye kanuni ya kutozidi takriban asilimia 3 kwa gari lisilofanyiwa marekebisho. Kwa RAV4 yetu, 225/70 ipo ndani ya mstari. Hizo nyingine zimetoka nje.

Swali linalofuata ni faida. Watu wanadhani tairi likiongezeka kimo kwa milimita 42, basi gari limepanda milimita 42. Sivyo. Gari limekaa katikati ya tairi, kwenye ekseli, kwa hiyo linapanda nusu tu. Ukitoka 215/70 kwenda 245/70 umeinua tumbo la gari kwa milimita 21. Weka kidole gumba chako kwenye meza, utazame upana wake. Hicho ndicho ulichonunua kwa bei ya matairi matano.

Na hasara je? Ya kwanza ni nguvu. Tairi kubwa ni kama kuweka gia nzito zaidi: injini inazunguka vilevile, lakini msukumo unaofika barabarani umepungua kwa karibu asilimia 6. RAV4 ina uzito wa kilo 1,300 hivi. Kwenye kilima, kupoteza asilimia 6 ya msukumo ni kama kumpakia mtu mzima mmoja ambaye hashuki kamwe. Ukipandisha milima ya kwenda Manyovu na familia nzima ndani, utamsikia huyo abiria. Breki nazo ni hivyohivyo. Diski ni ileile, pedi ni zilezile, mguu wako ni uleule, lakini gurudumu lina mkono mrefu zaidi wa kupingana na breki, na tairi lenyewe ni zito zaidi kulisimamisha. Kwenye gari tupu huenda usigundue. Likiwa limejaa, kwenye mteremko wa kuingia Mwanga, mbuzi akikatiza, ndipo utagundua.

Ya pili ni spidomita. Inahesabu mizunguko, haijui kama umebadilisha tairi. Ukiwa na 245/70 na mshale unasoma 80, gari lipo karibu 85. Ukisoma 50 katikati ya makazi, upo 53. Ni kweli spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, kwa hiyo huenda usipigwe tochi kwa sababu hii peke yake. Lakini ule mwanya wa usalama uliowekwa na kiwanda umeula. Faini ukipigwa tochi haitaki kujua habari za saizi ya tairi.

Kilomita nazo zinasomeka pungufu. Ukiona umetembea 5,000 na ni wakati wa kumwaga oili, kumbe umeshatembea karibu 5,300. Na hapa ndipo linapozaliwa lile lalamiko maarufu, "Tangu niweke hizi tairi gari inakunywa." Ni kweli inakunywa zaidi, kwa sababu ya uzito na upana. Lakini sehemu ya ulevi huo ni hesabu: unagawanya mafuta kwa kilomita ambazo dashibodi haikuzihesabu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Muhula uliopita wa mafunzo kwa vitendo nilikuwa gereji moja huku nyumbani. Ililetwa RAV4, mwenyewe analalamika usukani unanguruma akikata kona. Tulipoinua kwa jeki na kutoa tairi la mbele la kulia, ubavu wa ndani ulikuwa umeliwa, umebaki mng'aro kama umepigwa msasa. Tairi lilikuwa limegusana na kikombe cha springi. Mpira wa breki nao ulikuwa na alama ya kusuguliwa. Bado ulikuwa haujatoboka. Fundi mkuu aliutazama, akautazama tena, akamwuliza mwenye gari: "Mzee wangu, jana ulibeba nani?" Akajibu, "Mama na wajukuu, tulikuwa Kasulu kwenye harusi." Hakuna aliyeongeza neno. Gari likiwa tupu kwenye sakafu ya gereji, tairi lile lilikuwa linazunguka bila kugusa kitu. Aliyelifunga alilijaribu likiwa tupu, limesimama, usukani umenyooka. Akaridhika.

Hilo ndilo kosa la kawaida kabisa. "Imeingia" siyo kipimo. Tairi linapaswa kuingia usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia, watu watano wakiwa ndani, mzigo ukiwa nyuma, na gurudumu moja likiwa juu ya tofali ili springi ya upande huo ijikunje. Hapo ukipitisha kidole kati ya tairi na kila kitu kilicho karibu nalo, na kidole kinapita, ndipo useme imeingia. Na fundi akikwambia, "Nitakata madigadi kidogo tu, itakaa," jua ameshakwambia kwamba haikuingia.

Sasa kuna kundi la pili, na hawa ni wengi zaidi hapa chuoni: wanaochanganya tairi kubwa na rimu kubwa. Kijana anatoa rimu za 16, anaweka za 18 zinazong'aa, anatembea kifua mbele kwamba gari limepanda. Tufanye hesabu yake. Tairi la 235/55R18 lina kimo cha milimita 716. Ukilinganisha na 215/70R16, gari limepanda milimita 4. Lakini ubavu wa mpira umeshuka kutoka milimita 150 hadi 129. Yaani ameondoa mpira wa sentimita mbili, ambao ndio unaomeza mashimo, akaweka chuma. Gari linaonekana kubwa likiwa limeegeshwa. Kwenye shimo la kwanza la maana, rimu inapinda au ubavu unatoa uvimbe kama jipu. Kama sababu yako kweli ni barabara mbovu, rimu ndogo yenye mpira mwingi ndiyo rafiki yako. Kama sababu yako ni kupendeza, sema ni kupendeza, hakuna dhambi. Ila usiisingizie barabara.

Nilipomweleza mjomba wangu haya, naye ana RAV4 na alishatenga pesa ya matairi, alinisikiliza hadi mwisho kisha akacheka. "Sawa mjomba, umesoma. Lakini njia ya kushuka Katonga mvua ikinyesha umeisahau? Hizo asilimia zako zitanivusha tope?"

Ni swali la haki, na anayepinga matairi makubwa bila kulijibu anaongea akiwa kwenye lami. Jibu langu lina sehemu tatu.

Kwanza, tope halivukwi kwa ukubwa, linavukwa kwa kashata. Tairi jipya la saizi ya kiwandani, lenye kashata nene zilizoachana, lile linaloandikwa A/T ubavuni, litashika kwenye udongo wetu mwekundu kuliko tairi kubwa la lami lililobaki nusu kipara. Wengi wanaonunua matairi makubwa kwa bei ya kuungaunga wanaishia kununua yaliyotumika. Wamepata kimo, wamepoteza kashata, na kashata ndizo walizokuwa wanazihitaji.

Pili, gari la miaka 20 limezama. Springi zimechoka, shokapu zimekufa, na pua imeinama. Kabla ya kutafuta urefu kwenye tairi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, ulinganishe. Ukiona upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, au nyuma imekaa chini gari likiwa tupu, urefu wako uliibiwa na springi. Springi mpya za saizi ya kiwandani zinaweza kukurudishia kimo kuliko hicho kidole gumba cha tairi, na hazigusi spidomita, breki wala gia. Mjomba hapo alinyamaza. Gari lake nyuma limekaa kama kuku anayetaga.

Tatu, tairi halilindi kila kitu. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kumeza sehemu za mwambao, Kibirizi wanajua. Niliona madereva wakiingia majini kwa kujiamini kwa sababu matairi ni makubwa. Lakini injini inavuta hewa kupitia bomba lililo palepale lilipowekwa na kiwanda, na bomba hilo halikupanda zaidi ya zile milimita 21.

Wengine hunijibu kwa mfano wa Prado: "Mbona hao wanaweka makubwa na wanatamba?" Haya, tupime na hiyo. Prado nyingi huja na 265/65R17, kimo milimita 776. Wenye Prado ambazo hazijanyanyuliwa wanaopanda saizi kwa busara huweka 265/70R17, milimita 803. Ni asilimia 3 na nusu hivi. Gari lenye chesisi ya chuma na gia ya nguvu za chini linapanda kwa hatua hiyo ndogo, halafu wewe wa RAV4 unataka asilimia 10?

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi dukani: namba ya mzigo. Baada ya saizi, ubavuni kuna namba na herufi, mfano 100T. Hiyo 100 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 800. Ikiandikwa 103, ni kilo 875. Ikiandikwa 95, ni kilo 690. Namba hiyo haipandi yenyewe kwa sababu tairi ni kubwa, inategemea limetengenezwaje. Unaweza kununua tairi pana zaidi lenye uwezo mdogo wa kubeba. Sisi wa Ujiji tungepaswa kulielewa hili bila kufundishwa. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, na Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871 alikuwa amekuja na wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kabla ya safari, kama kilo 30 hivi, kwa sababu kila mkuu wa msafara alijua kwamba ukimzidishia mtu mmoja, msafara wote unasimama njiani. Usimtwike tairi mzigo ambao halikuandikiwa. Na namba mpya isiwe chini ya ile ya kibandiko cha mlangoni.

Ubavuni hapohapo kuna tarehe ya kuzaliwa. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Ikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani, na jua letu halina huruma. Tairi la saizi sahihi lililozeeka ni hatari kama la saizi mbaya.

Mwisho, kwa wenye magari yanayosukuma magurudumu yote manne: matairi yote manne yawe saizi moja, na yachakae kwa kulingana. Ukiweka makubwa nyuma na ya zamani mbele, ekseli mbili zinazunguka kwa mwendo tofauti, na kitu kilicho katikati kinachoziunganisha kinachemka hadi kinakufa. Kwa hiyo na spea nayo ibadilishwe. Hapa RAV4 ina kichekesho chake, maana spea yake inaning'inia kwenye mlango wa nyuma. Tairi likiongezeka uzito, bawaba za mlango ule zinaanza kulegea, na kila shimo unasikia mlango unagonga. Nimehesabu magari matatu Ujiji yenye matairi manne makubwa na spea ndogo mgongoni. Siku ya pancha njiani, hayo yatarudi nyumbani yanachechemea, tena yakijiumiza kwa ndani.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya mafundi, gazeti la wanafunzi lina mambo makubwa zaidi, mikopo, bumu kuchelewa, hosteli. Sikatai. Lakini tujiulize elimu hii tunaipeleka wapi tukifunga chuo. Baba mdogo anakwenda dukani na pesa aliyoikusanya mwaka mzima, anauziwa kwa neno "itaingia," na kijana wa mwaka wa tatu wa uhandisi amekaa barazani anachati. Fundi ana mikono na uzoefu ambao sisi hatuna, tena mafundi wazuri huwa wa kwanza kukataa kazi ya hovyo. Wanachokosa mara nyingi ni mteja anayewaunga mkono wakisema hapana, kwa sababu wakikataa, mteja anahamia gereji ya jirani.

Basi likizo ijayo, kabla hujakwenda ziwani kuogelea, chukua kalamu na karatasi. Mwamkie mzee, omba ufunguo, fungua mlango wa dereva. Andika saizi, namba ya mzigo, na upepo unaotakiwa mbele na nyuma. Zunguka gari, soma tarehe za matairi yote matano. Endesheni pamoja, wewe ukiwa umewasha kipima mwendo cha GPS kwenye simu, mlinganishe na mshale wa dashibodi. Akitaka kupanda saizi, mwandikie ya hatua moja, ndani ya asilimia 3, na masharti ya kuijaribu gari likiwa limejaa. Karatasi hiyo aende nayo dukani.

Mjomba ameshaipata yake. Imeandikwa springi za nyuma kwanza, kisha 215/70R16 za kashata, tano. Amenung'unika kwamba gari halitaonekana tofauti. Nimemwambia ndiyo, halitaonekana.